Programu ya Mistari Minane

Vijana wa kwaya yetu wakitaka kuanza kurekodi huja kwangu. Sijui nani aliianzisha desturi hiyo, maana mimi si mwanamuziki wa kutajwa popote. Ni msimamizi wa usafi hotelini, mwanamke mwenye magoti yanayouma wakati wa kupanda ngazi, na sauti yangu ya pili siku hizi inakwaruza. Lakini wanakuja, simu mkononi, wananiuliza ni programu ipi inayomfaa anayeanza na isiyomaliza mshahara. Wanataka niwatajie jina waende zao. Mimi huwauliza kwanza: mko wangapi? Wakishajibu huwauliza tena: na yule ambaye leo hayupo, mmemhesabu? Wengi hucheka, wakidhani ni utani wa watu wazima. Mimi sicheki. Swali hilo nililijua baada ya kumuumiza mtu, na mtu mwenyewe mpaka mwezi uliopita alikuwa hajui kwamba ni mimi niliyemuumiza.

Mwezi uliopita Sekela alinipigia simu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, tangu aliporudi nyumbani, lakini nilimtambua kabla hajataja jina, kwa sababu sauti yake iko chini sana kwa mwanamke. Alikuwa Deira, hapa Dubai, katika hoteli ndogo karibu na mawakala wa mizigo, amekuja kununua mashuka na mapazia ya duka lake la Mbeya.

"Dada Stela, nimeingia mjini kwenu. Usiponikaribisha chai nitakusema mpaka Tukuyu."

"Njoo hata leo," nikamwambia.

"Nakuja Jumamosi. Halafu dada, ule wimbo wa mama, bado unao? Simu yangu ya zamani iliibwa na wimbo ukaenda nayo. Mwaka huu tunamjengea mama kaburi, na nimewaahidi ndugu zangu kwamba siku ya ibada tutaupiga."

Nilimwambia ninao. Nilipokata simu nilikaa kitandani, nikiwa bado na sare ya kazi, na sikuinuka mpaka mume wangu aliporudi akauliza kama kuna msiba. Wimbo ninao, ndiyo. Nimebadilisha kompyuta tatu tangu mwaka tuliourekodi, na kila nikibadilisha, kitu cha kwanza kuhamisha ni huo wimbo, kabla hata ya picha za harusi yangu. Ninao mara mbili. Mmoja una sauti nane, na mwingine una tisa. Mama yake Sekela alisikia ule wa sauti nane.

Mwaka ule tulikaa wanawake sita katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi, Al Qusais, vitanda vitatu vya juu na chini, dirisha moja linalotazama ghala la matairi. Ndege zilipita juu ya paa zikishuka uwanjani, nasi tulizizoea hata tukawa tunanyamaza katikati ya neno ndege ikipita, kisha tunalimalizia. Jiko lilikuwa mwisho wa ukumbi, la watu wa ghorofa nzima, na kila sufuria iliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Hapo jikoni ndipo nilipoijua dunia. Mfilipino anakaanga samaki mkavu, Mhabeshi anakaanga buni, mtu mwingine anasonga ugali huku anagombana na mumewe kwa simu, simu ameibana kati ya sikio na bega. Achieng', Mkenya wa Kisumu aliyelala kitanda cha chini yangu, alisema jiko lile ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Ijumaa, ambayo miaka ile ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, tulitoka ibadani tukaja chumbani kwetu kufanya mazoezi. Tulikula wali wa nazi kwenye sinia moja, tukapanda vitandani, wengine juu wengine chini, tukaimba hadi mlinzi alipokuja kugonga mlango na kusema khalas, inatosha.

Kwaya yetu haikuwa na jina. Tulikuwa wanawake watupu, na wengi wetu walifanya kazi za ndani, kwa hiyo ratiba yetu ilikuwa mikononi mwa watu wasioijua. Mmoja alipewa Ijumaa zote, mwingine Ijumaa mbili kwa mwezi, mwingine alitoka pale madam alipoamka vizuri. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndiyo tuliyojaa. Nyingine tulikuwa wanne, watano, na wimbo ukawa kama chakula kisicho na chumvi. Achieng' ndiye aliyetoa wazo.

"Si kila mtu ajirekodi huko kwake na simu, alafu tuunganishe? Kuna maboyz kwetu wanafanya hivyo na laptop tu. Hawana studio, hawana nini."

Kila mtu akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita, na katika chumba kile hilo lilitosha kunifanya mtaalamu wa kila kitu chenye waya. Sikukataa. Nilipenda kutazamwa vile, nakiri.

Kulikuwa na mmoja wetu ambaye hakuwahi kukanyaga chumba kile, naye ndiye Sekela. Nilifika naye Dubai kwa ndege moja. Tulikaa viti vya jirani na alinishika mkono ndege ilipoinuka, akauachia ilipotua, kisha wakala akatutenganisha pale uwanjani, mimi hotelini, yeye kwenye nyumba ya familia moja yenye watoto wanne. Hakuwa na siku ya mapumziko. Simu yake madam aliiweka kwenye droo, akimpa Alhamisi baada ya alasiri, saa moja tu. Katika saa hiyo alipiga kwao Tukuyu, kisha alitupigia sisi, mimi na Achieng' tuliotoka zamu ya asubuhi tuliiweka simu juu ya mto, tukampigia nyimbo mpya akazishika hivyohivyo kwa sikio. Aliimba besi. Mwanamke kuimba besi si jambo la kila kwaya, lakini yeye alirithi. Mama yake alikuwa ameongoza kwaya ya wanawake kwao kwa miaka mingi, na wanaume walipokuwa hawaji mazoezini alimfundisha binti yake sauti ya chini. Sekela alituhadithia kwamba besi ilipotakiwa kuingia, mama yake hakupunga mikono kama viongozi wengine. Aliinua kidole kimoja tu, kidole cha shahada, akamtazama yeye. "Hapo hata kama unaumwa utaimba," alisema, tukacheka wote, yeye huko nyuma ya mlango wake na sisi huku kitandani.

Kompyuta nilinunua kwa Ami Suleiman, fundi Mzanzibari aliyezaliwa na kuzeekea palepale Deira. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, na alikaa ndani yake kati ya simu zilizofumuliwa, akigombana na feni. Alikuwa mtu wa hasira za karibu na huruma za mbali kidogo, ila kwa kurekodi alikuwa anajua, maana kaswida na shughuli zote za jamaa zake yeye ndiye aliyezirekodi. Nilipomwambia ninachotaka aliweka bisibisi chini.

"Hebu nambie, mko wangapi?"

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa nimetoka chumbani nikiwaacha wenzangu wamejaa vitandani, na niliwaona kichwani mwangu kama walivyokaa, nikawahesabu, nikajiongeza.

"Wanane, Ami."

"Wanane leo, au wanane siku zote?"

"Siku zote."

"Haya. Basi skiza, mwanangu, usije ukanilaumu. Kompyuta hii nlokuuzia kizee, ukiitwika programu kubwa italala chini. Kwa hiyo ndogo. Ziko za majaribio, hizo usizitie mkononi. Wafanya kazi wiki nzima, ukirudi kesho wakuta mlango umefungwa mpaka ulipe. Za kulipa kila mwezi nazo hapana, mshahara wako mwenyewe hujui utaingia lini. Za kuibia sikupi, mimi nna watoto. Nakupa hii." Akachomeka flashi. "Ya bure. Sura yake mbaya, lakini sauti utie unazotaka, haikwambii basi."

Sura yake ilikuwa mbaya kweli. Ukurasa wa kijivu, vitufe kama vya kikokotoo, na sauti ikionekana kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Nilimshukuru Ami, nikatia flashi mkobani, na njiani nikajiambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu gani cha maana mtu anakupa bure, tena kwa kukubembeleza? Niliingia duka kubwa la vifaa vya elektroniki na hapo nikaliona boksi. Lilikuwa na picha ya kijana aliyevaa vipokea sauti, macho ameyafumba, na mistari ya rangi ikipita nyuma yake kama upinde wa mvua. Toleo la wanaoanza, bei yake ningeiweza kwa kujibana kidogo. Nyuma waliandika kwa Kiingereza kwamba lina mistari minane, yaani sauti nane, kila moja na mstari wake. Nilisoma "minane" nikaona Mungu amenijibu kwa maandishi. Nililipa palepale.

Achieng' ndiye aliyenifungulia macho, jioni ileile, nikiwa nimeshachana karatasi ya plastiki na boksi halirudishiki tena.

"Eight tu? Na Sekela je?"

Ninakumbuka kwamba nilikuwa nakata kitunguu, nikaendelea kukata. Nilikuwa nimewahesabu waliokuwepo. Yule asiyeweza kuwepo, ambaye kwa ajili ya watu kama yeye ndiyo tuliamua kurekodi, nilimsahau kwa sababu sikuwahi kumwona amekaa kitandani kwangu. Nikamjibu Achieng' kwa ukali kwamba tutaona huko mbele, naye akainua mabega. Kurudi kwa Ami kuuliza sikuweza. Angeniuliza ile ya bure imefanya nini, na mimi sikuwahi hata kuifungua.

Haikupita miezi miwili habari ikaja kutoka Tukuyu. Mama yake Sekela alikuwa kitandani, miguu imevimba, macho yameingia ukungu hata hatambui mtu mpaka aseme, na alikuwa anamwita Sekela. Sekela akaomba ruhusa. Tulisikia yote Alhamisi moja kwenye mto.

"Nimemwambia madam, akasema after Ramadan, inshallah. Sasa Ramadhani imekwisha, anasema watoto wakifunga shule. Nimemwendea baba mwenyewe, yule kafeel, mdhamini wangu, akaniambia ongea na madam." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na sauti ya mwanamke ikaita: "Sekela! Yalla!" Akashusha sauti. "Dada Stela, mama hasomi barua, haoni picha. Kilichobaki ni masikio. Kama mwili hauwezi kwenda, basi ipelekeni sauti yangu. Tuimbe ule wimbo wake."

Ule wimbo mama yake aliutunga mwenyewe, wa kusindikiza wagonjwa. Katika ubeti wa tatu sauti za juu zinashikilia neno moja refu, na besi inaingia chini yake na kutembea polepole, hatua kwa hatua, mpaka wote wakutane. Hapo ndipo kidole kiliinuliwa. Bila besi neno lile linabaki linaning'inia, lakini asiyeujua wimbo hawezi kugundua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye.

Kazi ilichukua majuma matatu. Nilirekodi kwanza sauti yangu iwe mwongozo, nikawapelekea wote, na kila mmoja aliimba simu moja ikiwa sikioni na nyingine, ya kuazima, mbele ya mdomo. Mmoja alijifungia chooni, mwingine ndani ya kabati la nguo za watoto. Kadi za kumbukumbu za simu zilinifikia ndani ya vitambaa, ndani ya pakiti za ubani wa kutafuna, ndani ya soksi. Niliziingiza moja moja, nikaziona zikijipanga kwa rangi, na programu yangu ilikuwa nzuri kuitazama, siwezi kuikashifu. Za watu saba na yangu. Mistari ikajaa. Alhamisi ya mwisho dereva wa nyumba ya kina Sekela, Mganda mmoja mpole, alipita hotelini kwetu akaniachia mapokezi bahasha yenye kadi ya Sekela. Kesho yake asubuhi dada yake Sekela, aliyeishi mjini, alikuwa anapanda kwenda kijijini kwa mama, na kabla hajaondoka mjini lazima awe ameupakua wimbo kwenye mgahawa wa intaneti. Nilikuwa na alasiri moja.

Nilijaribu kuongeza mstari wa tisa, programu ikanifungulia kidirisha kilichosema kwa adabu nyingi kwamba ninunue toleo kubwa. Nilijaribu tena kana kwamba ingebadili nia. Kisha nikafungua sauti ya Sekela peke yake nisikilize. Kilichotoka kwanza ni mashine ya kufulia, inanguruma na kugongagonga, na huko ndani yake sauti ikianza kwa mbali. Nilisikiliza, nafikiri, sekunde kumi na tano. Nikakasirika. Nikasema moyoni, sisi tunajifungia makabatini tupate utulivu, yeye anaimba huku anafua nguo! Hasira ile ilinifaa sana, ilinipa sababu. Mmoja katika mistari ile minane ulikuwa wangu, ule wa mwongozo, na mwongozo ukishamaliza kazi huondolewa, kama mafundi wanavyoondoa mbao zege likikauka. Ningejiondoa mimi. Au mimi na Achieng', tunaolala kitanda kimoja juu na chini, tungeimba pamoja kwenye simu moja, nafasi ikapatikana. Au ningepanda treni nikashuka Deira kwa Ami, nikavumilia maneno yake. Sikufanya hata moja. Nilipenda sauti yangu pale ilipokaa, na nilimwonea Ami aibu. Nikautuma wimbo wa watu wanane, nikaandika kwenye barua pepe: "Sekela na wenzake wanamwimbia mama."

Alhamisi iliyofuata simu ilipolia Achieng' alikuwa bafuni. Nilipokea mwenyewe.

"Umefika," Sekela akasema. "Dada alimwekea sikioni. Mama amesikiliza mara tatu, amelia, amewaombea wote." Alivuta pumzi. "Halafu akauliza, na Sekela yuko wapi? Dada akamwambia si huyo hapo, mama, sikiliza vizuri. Mama akasema, simsikii. Wakampigia tena. Anasema, wanaimba vizuri hawa watoto, lakini Sekela simsikii."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Amenisahau, dada. Mtu aliyenifundisha hiyo sauti, hajui tena kuwa ni mimi. Macho yameondoka, sasa na masikio. Au akili ndiyo inaondoka?"

Hapo ndipo pa kusema. Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana, nikiwa natandika vitanda vya wageni, nikiwa kwenye treni, hata siku ya harusi yangu. Sentensi ilikuwa fupi, ya maneno manne tu, sauti yako sikuiweka, nisamehe. Nilichosema ni hiki: "Pole mdogo wangu. Ndiyo uzee." Akasema asante. Madam akaita, simu ikakatika, Achieng' akatoka bafuni na taulo kichwani akauliza mama anaendeleaje, nikasema ameufurahia wimbo.

Mama yake alifariki kabla mwaka haujaisha, na watoto walikuwa bado hawajafunga shule. Tulikaa matanga chumbani kwetu Al Qusais, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, wanane, na Sekela, aliyeachiwa simu siku hiyo kwa ajili ya msiba, akiwa juu ya mto. Tulipika wali na maharage, mtu akasoma neno, na katikati ya maombi tukamsikia anasema taratibu, si kwa kutulalamikia, ila kama mtu anayejieleza mwenyewe: "Amekufa hanijui." Wenzangu wakamfariji kwamba wagonjwa ndivyo walivyo, asichukulie moyoni. Mimi nikainuka kwenda kumimina chai. Niliwamiminia wote, hata waliosema hawataki.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa Ami Suleiman. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Nikamtajia lile boksi, nikamuuliza, kama mtu ana sauti tisa na programu ina mistari minane, afanyeje?

"Aunganisha mbili ziwe moja," akasema bila kuinua macho. "Wazichanganya, wazihifadhi pamoja kama sauti moja, mstari mmoja wabaki mtupu. Hata kwenye hicho kiboksi chako yawezekana. Dakika mbili, basi." Kisha akanitazama. "Lini ulikuwa na haja nayo?"

"Imepita, Ami."

"Si ungekuja."

Nilirudi nikafungua ile programu mbaya ya bure, nikapanga sauti zote tisa, na haikuniambia basi. Besi iliingia katika ubeti wa tatu, mashine ya kufulia ikinguruma nayo, ikatembea mpaka walipo wenzake. Nilikuwa na wimbo mzima na sikuwa na wa kumpelekea. Kumpa Sekela wimbo ule kungekuwa kumwambia, na kila siku iliyopita ilifanya kumwambia kuwe kugumu zaidi ya jana yake. Hivyo ndivyo uongo wa maneno mawili ulivyokaa nami miaka yote hii. Ami naye amekwishafariki, Mungu amrehemu, na katika mlango ule siku hizi wanauza vifuniko vya simu.

Jumamosi Sekela alikuja kwangu, Jumeirah Village Circle, amenenepa, amependeza, ameniletea majani ya chai ya kwao na asali. Nilimpikia ndizi na nyama. Alizunguka sebule nzima akigusa vitu, akasifu mapazia kama mtu wa biashara, akataka kujua nilinunua wapi na mita ngapi. Tulikula, tukawasema watu wa zamani, tukacheka kuhusu dereva Mganda. Nilianza kufikiri kwamba labda inatosha, nimpe tu ule wa sauti tisa, nisieleze, naye asiulize. Kisha akasema, huku anafuta vidole:

"Binti yangu ananiuliza bibi alikuwaje. Namweleza yote, kwaya, ukali wake, vile alivyocheka. Nikifika mwisho namwambia, lakini bibi yako mwishoni alinisahau. Hata sauti hakuijua. Basi mtoto anahuzunika, nami najuta kumwambia."

Nikamwambia. Sikupanga maneno vizuri. Nilianza na boksi, nikarukia kidirisha, nikarudi kwa Ami, mpaka nikajisikia mwenyewe kwamba naeleza programu badala ya kusema nilichofanya. Nikaacha hayo, nikasema ile sentensi. Sauti yako sikuiweka, nisamehe. Sekela aliniangalia kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Kisha akasema, "Nipigie hiyo yangu. Peke yake."

Nikafungua kompyuta mezani, kati ya sahani. Mashine ikaanza kunguruma. Nikamwona anashtuka, akaweka mkono kifuani.

"Niliiwasha tupu," akasema. "Madam alikuwa sebuleni na hataki niimbe. Nilikaa chini sakafuni, nimeegemea mashine, asinisikie."

Tuliisikiliza mpaka mwisho. Mimi, kwa sekunde zile kumi na tano, nilikuwa nimemhukumu mtu aliyekuwa anajificha ili aimbe. Alipomaliza kuimba mle ndani, mashine iliendelea kidogo peke yake, kisha ikazimwa. Sekela alikuwa analia, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayenililia mimi wala kunilaani.

"Kwa hiyo mama alisikia sawa," akasema.

"Alisikia sawa."

"Hakunisahau."

"Hakukusahau. Alikuwa anakutafuta."

Akainuka akaenda dirishani, akasimama kule muda mrefu akinipa mgongo. Nilitoa sahani mezani kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Niliposema tena nisamehe, aliinua kiganja bila kugeuka, kuniambia ninyamaze. Aliporudi kuketi macho yalikuwa makavu.

"Sasa nipigie rekodi aliyoisikia yeye."

"Sekela, ile ya nini? Ninayo iliyokamilika."

"Nipigie aliyoisikia mama."

Nikaipiga. Sauti nane, safi, kila moja mahali pake, na yangu juu juu pale, mbichi na yenye kujisikia. Ubeti wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu sauti zikashikilia lile neno refu, na Sekela, macho ameyafumba, akainua kidole cha shahada. Kilikaa juu hewani muda wote wa neno lile, na chini yake hakikuingia kitu. Wimbo ulipopita akakishusha.

"Kweli," akasema. "Simo."

Akafungua mkoba, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kitambaa, akaiweka mbele yangu. Nikauliza kama nimwekee ile ya sauti tisa.

"Hii hii aliyoisikia. Ya kwangu nitaiimba mwenyewe, nimesimama pale kaburini."

Nikamwekea.